Mkongo Uliokatwa Mtawanya

Mkongo wa intaneti ambao serikali ilikuwa imeufukia kando ya barabara ya kusini ulikatwa karibu na Mtawanya, na watu wa Lindi wakakosa mtandao. Ofisini walinituma mimi kwa kuwa ni kwetu. Niliondoka Dar es Salaam asubuhi nikiona fahari.

Tulipopita Mkuranga, fundi mwenzangu Shayo aliniuliza, "Wenyeji wa huko wakoje?"

"Waungwana," nikamjibu. "Watu wa kwetu hawagusi cha mtu."

Baada ya Kibiti tulipaona mahali penyewe. Mtaro ulifukuliwa kwa jembe, mkongo ukakatwa kwa panga, na kipande chake kimechukuliwa. Tuliweka kingine, tukaunga zile nyuzi za kioo, nyembamba kama nywele, mpaka mtandao ukarudi.

Adhuhuri nikampeleka Shayo kula kwa baba mdogo Mbonde, aliyenilea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu! Karibuni." Akawageukia majirani. "Fundi wa serikali huyu!"

Mama mdogo alileta ubwabwa na kambale. Nikiwa nanawa, niliona uani kamba nyeusi, nene, imefungwa kutoka mnazini hadi kwenye nguzo ya choo, kanga mbichi zimeanikwa juu yake. Ulikuwa mkongo wetu. Shayo naye alikuwa ameshauona, akainamia sahani.

"Baba, ile umeitoa wapi?"

"Watu walisema ndani mna shaba ya kuuza. Nimekuta vioo vitupu. Nikasema basi, mama yako aanikie nguo."

"Ndiyo kazi yangu ile, baba."

"Nilijua ni wa serikali," akasema. "Sikujua ni wako."

Shayo akaninong'oneza, "Mimi sijaona kitu." Uso uliniwaka. Nilitaka sana kumkubalia. Lakini baba mdogo alishainuka. Mama mdogo akaanua kanga moja moja bila kututazama, na mzee akauzungusha mkongo begani, akatutangulia kwa mtendaji wa kijiji. Majirani walewale walisimama njiani wakitazama. Alilala kituo cha polisi Kibiti; kesho yake nikamdhamini.

Wakati wa kurudi, Shayo alisema Lindi wanatushukuru.

Zamani zile tulipokuwa tukiufukia mkongo ule nilikula kwa mzee mara nyingi, tukazungumza kila kitu isipokuwa kazi iliyonileta na kilichomo mtaroni. Siku hizi, kabla hatujachimba popote, napasua kipande cha mkongo mbele ya wenyeji, washike nyuzi, waulize. Baba mdogo hajaniuliza kitu tena.