Vichanja Vyote Vyangu, Malori Yote ya Shemeji

Saa moja asubuhi, ufukweni Ikola. Boti za dagaa zimeshapakua na wavuvi wamekwenda kulala. Specioza Anselmo ameinama kwenye kichanja chake cha pili, anatandaza dagaa kwa viganja viwili, taratibu, kama anayetandika kitanda cha mgeni. Kunguru wawili wanajisogeza pembeni. Specioza wala hawatazami. Anavua kandambili, anairusha, inampata mmoja mkiani, naye anaendelea kutandaza.

"Hao nao hawalipi kodi," anasema. "Wanakula tu."

Kwenye mguu wa kila kichanja kuna jina limeandikwa kwa rangi ya bluu ya boti. SPECIOZA. Jirani yake MINZA. Mbele kidogo ROSINE. Miezi mitatu iliyopita hapakuwa na jina hata moja, na kwa sababu hiyo mama huyu wa miaka 46 nusura afukuzwe kwenye kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa.

Kazi yenyewe haina siri. Ananunua dagaa wabichi kwa ndoo, anawakausha, anawafunga kwenye magunia, anawapeleka Mpanda na kuwauza kwa kipimo cha kopo la sado. Wiki za giza boti zinaingia ziwani na pesa inaonekana. Mbalamwezi ikitoka boti zinalala, na jiko nalo linasinzia.

Vichanja viko ishirini na vinne, vya wanawake kumi. Vitatu ni vya Specioza. Wanalinda kwa zamu: mmoja anabaki na fimbo ya kufukuzia kunguru na mbuzi, wengine wanaenda shamba, kanisani au kliniki.

Lindo hilo lilikuwa na sheria moja. Mgeni yeyote akiuliza vichanja hivi ni vya nani, mlinzi alijibu: vyote vyangu.

"Tulifundishwa na mwizi," anaeleza Minza, mama mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, aliyehamia hapa na mume wake kutoka Usukumani. "Alikuja kijana mtanashati, anamwambia aliyekuwa zamu, 'Shangazi, Jeniffer kanituma nimchukulie magunia yake matatu.' Kapewa. Jeniffer anarudi kutoka misa, hajamtuma mtu! Toka siku hiyo, ukiwa zamu, vyote vyako. Hakuna cha Jeniffer wala cha nani."

Sheria nzuri. Iliwafaa miaka minane, mpaka walipokuja watu wa kodi.

Walikuwa wawili, wenye adabu, na kishikwambi mkononi. Zamu ilikuwa ya Specioza.

"Shikamoo mama. Hivi vichanja ni vya nani?"

"Marahaba. Vyangu."

"Vyote?"

"Vyote ishirini na vinne."

"Hongera sana, mama."

"Yule kijana alinipa hongera kwa moyo kabisa," anasema Specioza, akicheka mpaka anashika kiuno. "Na mimi nikaitikia, asante mwanangu. Mjinga mimi! Nilikuwa nalinda dagaa wa wenzangu, kumbe naandikwa tajiri."

Wiki mbili baadaye karatasi ikafika. Mauzo yake yamekadiriwa shilingi milioni arobaini na mbili kwa mwaka. Kodi, asilimia tatu na nusu ya mauzo: milioni moja, laki nne na elfu sabini. Ana siku thelathini za kupeleka maelezo.

Mwaka mzima uliopita, baada ya kutoa bei ya dagaa, nauli, magunia, ushuru na kodi ya chumba Mpanda, Specioza alibaki na milioni moja na laki moja. Yaani angewapa kila alichobaki nacho, chumvi isinunuliwe, na bado angedaiwa laki tatu na elfu sabini.

Hapa ndipo penye mfupa, na msomaji autafune polepole. Mchuuzi mdogo asiye na vitabu anakatwa kwenye mauzo, apate asipate. Mkubwa mwenye mhasibu anakatwa kwenye faida. Na faida ya mkubwa ina haya kama bi harusi. Ikimwona mtu wa kodi inajifunika gubigubi.

Specioza hakusomea uchumi. Aliishia darasa la saba. Lakini ana kumbukumbu, na kumbukumbu ni shule isiyofungwa. Mwaka 1994 baba yake, Anselmo, alilala porini siku nne akikimbia wakusanya kodi ya kichwa.

"Mimi ndiye nilikuwa nampelekea ugali," anasema, na hapa hacheki. "Jirani yetu mwenye ng'ombe mia tano alilipa kiasi kile kile alichotakiwa baba mwenye kuku saba. Kichwa kimoja, bei moja. Wakasema ndiyo usawa. Nikajiuliza, tangu lini kuku wakalingana na ng'ombe?"

Kodi ile ilifutwa. Ile akili ya kumshika wa karibu na kumwacha wa mbali, nani aliifuta?

Katika zile siku thelathini za maelezo, zilikuwa zimebaki kumi na moja alipokuja mgombea.

Ni Hezron, anayetaka udiwani kwenye uchaguzi mdogo wa kata, na hakuna asiyemjua. Mkutano wake ulifanyika uwanja wa juu ya mwalo zinapopakulia boti, spika mbili, fulana za bure, muziki wa vijana. Akapanda jukwaani, akafuta jasho kwa leso nyeupe.

"Ndugu zangu, mimi sina njaa ya posho!" alisema. "Nina malori yangu manne. Nina boti zangu mbili hapo mnaziona. Nina mashine ya mpunga. Naja kuwatumikia, siji kula!"

Watu wakapiga makofi. Rosine hakupiga. Yeye ni mzaliwa wa Mishamo, mpole, huongea kwa nadra. Alimvuta Specioza khanga.

"Dada, siku ile ya watu wa kodi, mimi nilikuwa kwenye boti nanunua ndoo mbili. Walimkuta huyu huyu Hezron. Wakamuuliza, boti za nani? Akasema za shemeji, yeye anapita tu. Na lori? La shemeji huyo huyo. Yeye msimamizi."

Wakati wa maswali ulipofika, mkono wa Specioza ulikuwa wa kwanza.

"Mheshimiwa mtarajiwa, nina swali dogo. Leo boti ni zako. Siku walipokuja watu wa kodi, zilikuwa za nani?"

Hezron akatabasamu. "Mama yangu, mambo ya kodi yana wataalamu wake. Mimi nalipa kila ninachotakiwa kulipa."

"Ndiyo. Ngapi? Katika kila mia unayobaki nayo, serikali inapata ngapi? Mimi naambiwa nitoe mia yote na nyongeza juu."

"Mama, biashara ina kupanda na kushuka. Mwaka jana, kusema kweli, hesabu zilitoka na hasara."

Kutoka nyuma mzee mmoja muuza nyavu akapaza sauti: "Hasara ya malori manne! Tugawie na sisi hiyo hasara, mheshimiwa!"

Uwanja ulicheka mpaka spika zikakoroma. Lakini mwanasiasa hafiki jukwaani bila meno. Hezron alisubiri kicheko kiishe, kisha akamnyooshea Specioza kidole.

"Na wewe mama, kijiji kizima kinajua, si ulisema vichanja vyote ishirini na vinne ni vyako? Mbona hukulalamika ulipopewa hongera? Umeidanganya serikali, halafu unakuja kunihubiria mimi?"

Na ilikuwa kweli. Specioza alidanganya. Na ili auondoe uongo ule, ilibidi wenzake tisa waseme mbele za watu kilicho chao, na kusema ni kujiweka wazi. Sita wana vichanja viwili viwili. Mauzo yao ni madogo, hawafiki kwenye kodi. Lakini watatu, Minza akiwemo, wana vitatu kama yeye. Hao wakijitaja wanaingia daraja la chini la kodi, lisilo la asilimia: laki moja kila mtu kwa mwaka. Wakinyamaza, wako salama nyuma ya mgongo wa Specioza, kama vile Hezron alivyo salama nyuma ya shemeji.

Nyumbani walishaliongea. Minza ndiye aliyekuwa mgumu. "Nikajisemea, laki moja ni mbuzi wangu mmoja mkubwa," anakiri sasa. "Kwa nini nimtoe mbuzi, na Specioza ndiye aliyesema vyote vyake?"

Pale uwanjani Specioza alivuta pumzi. "Ni kweli nilisema uongo," alijibu. "Ulikuwa uongo wa lindo, wa kumzuia mwizi. Kesho naenda Mpanda kuufuta. Twende wote, mheshimiwa. Mimi nikaseme visivyo vyangu, wewe ukaseme vilivyo vyako."

Hezron akaangalia saa yake.

Ndipo sauti ile ya kuitia ng'ombe ikatoka katikati ya wanawake. "Vitatu ni vyangu! Minza! Niandikeni!"

Akafuata Jeniffer. Akafuata Rosine, kwa sauti ndogo lakini kila mtu aliisikia. Mmoja mmoja, mpaka wakatimia kumi, wamesimama juani, na jukwaani kijana wa muziki akawa anatafuta wimbo wa kufunikia aibu.

"Nyie, mimi nilimtazama huyu mwanamke akisimama peke yake," anasema Minza, "nikaona mbuzi si kitu. Kwetu lambo la kijiji likichimbwa, mwenye ng'ombe wengi anatoa watu wengi na chakula kingi, mwenye ng'ombe wawili anakuja na jembe lake. Hakuna anayejificha, maana siku ya kunywesha wote tutaonana pale pale. Sasa mimi nijifiche kwenye vichanja vitatu, halafu nimcheke Hezron?"

Asubuhi iliyofuata hawakupata basi. Wakasimamisha lori la dagaa lililobandikwa picha ya mgombea mbele na nyuma. Dereva akachungulia dirishani, akawatambua, akacheka.

"Pandeni, mama zangu. Lori la shemeji hili, halina neno."

Walikaa juu ya magunia hadi Mpanda, na vumbi likawapaka rangi moja wote kumi. Ofisini walimkuta kijana yule yule wa hongera. Aliwasikiliza mmoja mmoja kwa muda wa karibu saa tatu nzima, akafuta, akaandika upya. Specioza: vichanja vitatu, kodi laki moja. Minza na wenzake wawili, hivyo hivyo. Sita hawana cha kulipa mwaka huu, ila sasa wanajulikana.

"Alituuliza kwa nini tumejileta wenyewe," anasema Specioza. "Nikamwambia, mwanangu, sisi kodi hatuikatai. Barabara tunaitaka, dawa kliniki tunazitaka. Tunachokataa ni kumbebea mzigo mtu anayepita na lori tupu."

Laki yake alishailipa. Risiti ameiweka pamoja na stakabadhi ya mwisho ya kodi ya kichwa ya baba yake, kwenye kopo moja la maziwa. Lindo linaendelea, ila jibu limebadilika. Mgeni akiuliza, anaambiwa: soma jina, mwite mwenyewe.

Kura zinapigwa wiki ijayo. Wanawake wa vichanja wamepeleka ombi kwa mwenyekiti wa kijiji: kila mgombea aandike mali zake na kodi aliyolipa, karatasi ibandikwe kwenye ubao ule ule ambako hubandikwa majina ya wasiolipa michango. Wagombea wawili wameshapeleka zao. Hezron hajapeleka, na Specioza hana wasiwasi.

"Asipoandika, nayo ni jibu," anasema. "Sisi tunajua kusoma hata karatasi tupu."

Jua limepanda. Anamaliza kichanja cha tatu, anajinyoosha, anatazama majini. Boti mbili kubwa zimetia nanga, mbao nzuri, injini mpya. Ubavuni hazina jina.

Chini ya kichanja kuna kopo la rangi ya bluu. Anaokota kijiti, anafungua kifuniko, anakoroga.

"Nusu kopo imebaki," anasema. "Brashi pia ninayo. Yeye aje tu aseme kipi chake. Nitamwandikia bure."