Marefa Watatu

Barua ya kuomba kazi tuliyofundishwa shuleni huwa na anwani mbili, mstari chini ya neno MINT, na uongo kiasi. Mwalimu wetu wa Kiswahili, pale Kyuso, alisema MINT ni kifupi cha mintarafu, yaani kuhusu. Sijawahi kumsikia mtu akilitamka neno hilo nje ya darasa, lakini ukiliacha unakatwa alama. Kwa hiyo kidato cha tatu kizima tuliomba kazi mintarafu hii na mintarafu ile, katika kampuni ambazo hazikuwapo, na wengine wetu tukapata alama nzuri.

Mimi nilikuwa naomba kazi ya kweli. Mjini Mwingi, karibu na kwa shangazi yangu, kulikuwa na duka la vitambaa, leso na sare za shule. Mwenyewe alikuwa mama wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani, yeye akazaliwa hapo hapo Mwingi na Kikamba akikisema kama sisi. Kila likizo ndefu alichukua msichana mmoja wa kumsaidia, maana ndipo wazazi wanapojaa kununua sare. Sharti lake lilikuwa moja: aandikiwe barua na wasifu kwa Kiswahili, kwa mkono. Kiingereza cha wanafunzi, alisema, kilimpa kizunguzungu.

Nisipoipata kazi hiyo ningepelekwa Malili. Mjomba wangu alikuwa na hoteli huko, kando ya barabara ya Mombasa, na baba alishakata shauri.

"Shule ikifungwa kama hujapata kitu, utaenda kwa anko usaidie jikoni," aliniambia, na kwake hilo lilikuwa jambo jema.

Dada yangu alinitangulia. Alikuwa kidato cha pili, kipa wa shule, alipokwenda Malili likizo moja kumenya viazi. Shule zilipofunguliwa mjomba akaomba abaki kidogo tu, wateja walikuwa wengi. Muhula ule ukapita, na mwingine. Sketi yake ya shule ilikaa sandukuni mpaka nilipoingia sekondari, ikapunguzwa kiuno, nikaivaa. Hakuna nyumbani aliyesema dada ameacha shule. Tulisema yuko Malili. Nililiogopa sana neno "kidogo".

Basi niliandika kwa makini. Jina, umri, dini, shule nilizosoma. Kwenye tajriba niliandika kwamba nimepepeta ndengu na kuzichambua mawe misimu mingi, jambo ambalo kila mtu wa Kyuso analifanya tangu anapoweza kukaa bila kuegemezwa. Kwenye uraibu niliandika kusoma, kuimba na kutembelea wagonjwa. Kila wasifu wa mwanafunzi hutembelea wagonjwa. Ingekuwa kweli, hospitali zetu zingekosa pa kuweka viti.

Mwisho palikuwa na kichwa cha WAREJELEWA. Siku mwalimu alipoliandika neno hilo ubaoni alisema wawe watatu na wasiwe wa ukoo wako, kisha kengele ikalia akaondoka. Tukaulizana. Nyuma ya darasa alikaa msichana aliyewahi kusoma Nairobi, na kwa sababu hiyo tulimwamini kwa kila kitu.

"Si hiyo ni referees tu," akasema. "Marefa."

Maelezo hayo yaliniingia vizuri. Tajiri anataka kujua kama una nidhamu, na nani anayejua nidhamu ya mtu kuliko refa? Tena watatu, kama ilivyo uwanjani: mmoja wa katikati na wawili wa vibendera. Nilikuwa beki wa timu ya shule. Nikaenda kwa mwalimu wa michezo kumwomba majina na namba za waamuzi wa mechi yetu ya mwisho. Alinipa bila kuuliza. Nadhani alidhani nataka kukata rufaa.

Na sababu ya kukata rufaa ilikuwapo, maana mechi hiyo nilitolewa. Mpira ulinigonga begani, refa akaona mkono, akatoa penalti. Nikamwambia kwa Kikamba apeleke macho yake soko la Zombe, pengine yatapata mnunuzi. Akanipa kadi nyekundu. Nilipokuwa naandika wasifu niliwaza kumwacha, lakini refa wa katikati ndiye mkubwa wao, na ukimruka itaonekana una jambo unaficha. Nikamweka wa kwanza.

Jumamosi moja niliitwa dukani. Mama alikuwa ameketi nyuma ya meza ya kukatia vitambaa, karatasi zangu mbele yake, rula ya mbao juu yake zisipeperuke.

"Hawa watatu ni nani wako?" akauliza.

"Ni marefa wangu, mama."

"Marefa wa nini?"

"Wa mpira."

Alinitazama, akazitazama karatasi, akanitazama tena.

"Mwanangu, warejelewa ni watu wanaokujua. Mwalimu wako, padri wako. Mtu wa kuniambia wewe ni mtu wa aina gani."

Masikio yaliniwaka moto. Nikaomba nikaandike upya.

"Nimeshawapigia," akasema. "Wawili hawakushika. Huyu wa kwanza alishika."

Hapo niliiona Malili yote: beseni la viazi, kisu, na dada akisogea kwenye benchi ili nami nipate pa kukaa. Nilitaka kulia.

"Nikamuuliza anakujua vipi. Akasema ulimwambia akauze macho yake Zombe, naye akakutoa nje." Alilisema hilo bila kucheka. "Halafu akasema alipofika nyumbani alifikiria tena. Ule mpira ulikuwa wa bega."

Sikukumbuka mtu mzima mwingine aliyewahi kunipa haki yangu, hata kwa kupitia simu ya mtu.

"Hapa mzazi ananunua sare leo," mama akaendelea, "wiki ijayo anairudisha ina jasho, anaapa haijavaliwa. Mimi nimechoka kubishana nao. Njoo Jumatatu. Ila mambo ya Zombe uyaache Zombe."

Nilifanya kazi pale likizo ile na nyingine. Kila shule zilipokaribia kufunguliwa nilimsubiri aseme nibaki kidogo, naye kila mara aliuliza tu kama nimefua sketi. Nikamaliza kidato cha nne.

Mwezi uliopita dada alinipigia kutoka Malili. Mjomba amefunga hoteli, na kuna shule ya bweni huko Makueni inayotafuta mpishi, lakini wanataka wasifu. Akanitajia mambo yake, mimi nikaandika. Elimu ilichukua mstari mmoja. Tajriba ilikuwa ndefu kuliko yangu: kupika, kununua, kupanga zamu, kuwafundisha wageni wa jikoni. Alivitaja vitu hivyo haraka haraka, kama mtu anayesoma bei ukutani.

Tulipofika kwa warejelewa nilimweleza mwenyewe, nisije nikamwachia mtu wa nyuma ya darasa. Watu watatu wanaokujua, nikasema, wasiwe wa ukoo.

Miaka yote hiyo alikuwa jikoni kwa mjomba. Wanaomjua ni ndugu, na wateja walikuwa watu wa safari, wanakula wanaondoka. Niliyasikia malori yakipita upande wake wa simu. Niliona uchungu, na sikuwa na jina la kumpa.

"Yule refa wa Kyuso bado yuko?" akauliza mwishowe. Hadithi yake anaijua. Nimemsimulia mara nyingi.

"Yuko. Amestaafu."

"Basi mweke," dada akasema. "Mimi alinipa njano tu."