Taa ya Shaba Iliyoanguka Naviundu

Mimi ndiye niliyeiangusha ile taa, wala si Mado. Nisikilizeni kwanza, kisha mnihukumu mtakavyo.

Mado ni binti wa mjomba wangu. Tulisoma usanifu pamoja hapa Lubumbashi, na tulipomaliza tukaanza kubuni taa kubwa za sanaa, za kuning'inia, kwa programu ya kompyuta. Mimi nilichora kwenye skrini. Yeye alikata shaba na kuifunga kwa waya.

Mwenye ukumbi mmoja wa harusi, mtaa wa Naviundu, alitaka taa inayoshuka kama mvua: mamia ya matone ya shaba. Programu ikapanga kila tone mahali pake. Kisha ikauliza: boriti za dari zinabeba uzito gani?

Nilipaswa kupanda nikaangalie. Sikupanda! Mule darini kulikuwa na popo na vumbi, nami nilikuwa na haraka. Nikaandika namba ya kazi iliyotangulia, kwenye kanisa lenye boriti za chuma. Hapa zilikuwa za mbao. Skrini yote ikawa kijani: salama.

Mado, ambaye huniita Yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, aliniuliza, "Yaya, ulipanda kweli mule mu plafond?"

"Nilipanda."

Hakuuliza tena. Siku zote alinitania kwamba mimi nitauliza hata mukate kama iko mukate. Mtu wa namna hiyo, Mado angemshukuje? Mimi ninayebishana na mapadri, na maprofesa, na baba yangu mzazi, sikuihoji namba niliyoitunga mwenyewe.

Siku ya kuijaribu, boriti ilipasuka, taa ikashuka yote. Mado alikuwa chini yake, akinyoosha matone. Vidole vya mkono wake wa kulia havikunjiki tena.

Mwenye ukumbi, bila kupanda kuitazama boriti, alisema mbele ya watu, "Huyu mutoto mwanamuke hajue kufunga waya."

Mado akanigeukia, akingoja niseme. Nikatazama viatu vyangu.

Ee Mungu, kwa nini sikufungua kinywa!

Sasa hakuna anayempa kazi. Anauza vitenge mpakani, Mokambo, anavikunja kwa mkono wa kushoto. Na mjomba ananishukuru kwa kumvumilia binti yake. Ananishukuru! Nimeifuta ile programu, ujinga mtupu, kana kwamba ndiyo iliyodanganya.

Ninyi mnaofanya kazi hizi, mashine ikikuuliza, panda darini. Na ukikosea, sema siku ileile, mbele ya watu walewale. Usifanye kama mimi, ninayewaambia ninyi msionijua, bila jina, wakati Mado bado anangoja.