Usichomoe Valvu ya Kwanza

Shemeji yangu, mume wa dada, mtaa mzima ulimwita Moja-kwa-Moja. Ni fundi wa amplifaya za valvu, zile taa za kioo zinazowaka tumboni mwa mashine za zamani. Mimi nami ni fundi. Niliacha shule darasa la sita, walimu wakiwa wameishiwa ya kunifundisha. Yeye alidai ninachojua ni kupiga redio makofi.

Dada alikuwa anapoteza masikio. Daktari alimwambia sauti nyembamba zimeshakwenda, nzito zimebaki kidogo, nazo hazitamaliza mwaka. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya hapo: kumsikia tena marehemu binti yao, ambaye sauti yake, nzito kama ya mlinzi wa geti, ilibaki kwenye kanda moja.

Redio ya kawaida haikufaa. "Kati ya valvu na valvu kuna kapasita, kile kidude cha kuzuia umeme usivuke," shemeji alinieleza, "na kapasita inakula sauti nzito. Mimi naing'oa. Ya kwanza inaikabidhi ya pili moja kwa moja, mkono kwa mkono."

"Na umeme je?"

"Unapita humo humo. Ndiyo hatari yake. Ya kwanza ndiyo breki ya mwenzake. Umesikia, shemeji?"

"Nimesikia kabla hujasema."

Valvu ya pili, ile kubwa, aliitoa kwenye mashine ya sinema iliyobomolewa. Ilikuwa moja tu. Miezi minne akashinda ameinama mezani, mgongo ukapinda kama ndoano.

Siku yenyewe, asubuhi, mashine ikapata moto. Dada akakaa na gauni lake la kutokea, kiganja juu ya spika. Shemeji akaingia chumbani kuchukua kanda. "Usiguse kitu," akaniambia. Kuniambia mimi.

Nikaona valvu ya kwanza imekaa upande. Kwenye redio zangu zote, valvu ikikaa vibaya unaichomoa, unaipuliza miguu, unairudisha. Spika inakohoa kidogo, basi. Nikaichomoa kwa leso.

Ile kubwa ikaiva nyekundu kama kaa la moto. Nilipoirudisha ya kwanza, mwenzake alikuwa ameshazimika, kioo kimeingia weusi.

Shemeji akasimama mlangoni, kanda mkononi. "Umeichomoa?"

"Ilikaa upande."

"Imekaa upande tangu nilipoifunga."

Dada akatutazama midomo. "Mmenyamaza," akauliza, "au masikio ndiyo basi tena?"

Valvu nyingine ilipatikana baada ya miezi tisa. Niliitafuta mimi, na kwa hilo sijisifu. Tukawasha. Binti akaanza: "Mama, nimefika salama, usihangaike..." Sauti ikajaa chumba, nzito, nzima, hata vikombe vikatikisika mezani. Kazi ya shemeji haikuwa na kasoro. Nakiri, nami si mtu wa kukiri.

Kiganja cha dada kilikuwa juu ya spika. Kanda ikaisha.

"Inatetemeka," akasema kwa sauti kubwa mno. "Ameshaanza kusema?"

Shemeji akatikisa kichwa kwamba bado, akairudisha kanda mwanzo.