Makuti ya Gari la Meno

Wanaosema sisi watu wa Msimbati tulikuwa waoga wa koleo la daktari wa meno ni waongo. Kilichotushinda ni mchanga. Landrova ya hospitali ikitoka Mtwara mjini ilizama njiani, ikasukumwa, ikarudi ilikotoka. Wenye meno mabovu tukabaki tumeshika mashavu.

Ndipo bibi yangu alipoanza kutandika makuti juu ya mchanga, magurudumu yapate pa kukanyaga. Kila tuliposikia gari linakuja, yeye ndiye aliyetangulia, mzigo wa makuti kichwani, akitufokea tuliochelewa. Na kinywani hakuwa na jino hata moja! Siku moja nikamuuliza, "Bibi, wewe gari hili la nini?"

"Babu yako alikufa kwa jino," akasema bila kuinua kichwa. "Gari lilikuwa limekwama hapo hapo uliposimama."

Nikasogea, nikatandika kuti langu.

Siku hizi barabara imeshindiliwa, magari hayazami. Nikipita pale natamani letu lizame kidogo tu, nimwone bibi akija na makuti yake, akinifokea kwamba nimechelewa.