Maji ya Karela

Nzivo alikuwa mchonga vinyago, mtu wa maneno machache. Kila asubuhi alitoka nyumbani Jericho akashinda kibandani kwake Kariobangi, akichonga twiga na vifaru. Tangu apatikane na kisukari alimeza tembe bila kukosa, lakini moyoni alizichukia. Marehemu kaka yake alianza hivyo hivyo na tembe, akaja kupooza upande mmoja, na hakuinuka tena.

Basi aliposikia watu wakiisifu karela, ile mboga chungu ya kijani yenye ngozi ya mikunjo, akainunua sokoni. Akawa anaisaga na kunywa maji yake kila asubuhi, mkewe Kavinya akiwa bado bafuni. Ni mboga tu, alijiambia, itamdhuru nini?

Siku moja alikunywa kikombe kizima, akameza tembe, akatoka bila kula maana uchungu ulimkata hamu. Kabla ya saa sita patasi ikaanza kumtetemeka mkononi. Jasho likamtoka na hali kulikuwa na baridi. Ulimi ukawa mzito. Imefika zamu yangu, akawaza.

"Mzee, uko sawa?" aliuliza Mureithi, fundi wa kuchomelea vyuma pale jirani.

Patasi ikamponyoka Nzivo, ikaanguka chini. Mureithi, akidhani ni njaa, akamnywesha soda taratibu, kisha akampandisha boda boda, yeye nyuma akimshikilia, hadi zahanati. Kavinya alipigiwa simu, akaja mbio na aproni kiunoni.

Sista Celine, muuguzi wa hapo, alimchoma Nzivo kidole akapima damu. "Si kiharusi, mzee. Sukari imeshuka mno. Hiyo soda imekusaidia sana. Leo umekula nini?"

Nzivo akatazama sakafu. "Maji ya karela."

"Kumbe!" Kavinya akaruka. "Blenda yangu inanuka kila siku, nami nalaumu sabuni!"

Sista akacheka. "Mboga nayo ina nguvu zake. Mwilini kuna protini zinazoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye misuli. Tembe zako zinaongeza insulini, na insulini ndiyo inayoziamsha protini hizo. Karela nayo inaonekana kuziamsha. Umezisukuma mara mbili, tena tumbo tupu."

"Kwa hiyo sijapooza?"

"Hebu inua mikono."

Akainua yote miwili, juu kabisa, akaigeuzageuza kama mtu anayeiona mara ya kwanza. Kavinya akacheka huku machozi yakimlengalenga.

Daktari hakumkataza karela. Alimwambia aile imepikwa, kidogo, pamoja na chakula, na aseme kila anachotumia. Kavinya akawa anaikaanga kwa vitunguu na nyanya, wakaila na ndengu, ugali ukapungua sahanini. Baada ya miezi kadhaa vipimo vilitulia, daktari akapunguza tembe.

Siku hiyo, Nzivo alikaa kwenye benchi nje ya zahanati akampigia simu Ndanu, binti wa marehemu kaka yake, kumsihi akapimwe sukari mapema. Sauti yake ilikuwa nyepesi hivi kwamba Ndanu alimkatiza: "Baba mdogo, kwani kuna harusi?"