Bima Isiyomhusu Mkulima

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyochoma sanduku la nguo la kaka yangu Deo nyuma ya migomba, kwetu Izigo. Tulikuwa tumemzika juzi yake. Miaka ile baada ya vita vya mpakani, ugonjwa ulipita nyumba kwa nyumba na hakuna aliyeutaja jina. Aliyekufa nao tulichoma vitu vyake vyote, godoro, nguo, chochote alichoshika. Tuliogopa, na zaidi tuliona aibu. Mkewe, shemeji Adela, alinishika mkono. "Shemeji, subiri, humo mna karatasi." Sikusubiri.

Wiki haikuisha, akaja Sospeter, karani wa chama cha mikopo. Namtaja, sioni kwa nini nimfiche. Deo alikopa kwake bati za nyumba, akaweka rehani kibanja chetu, shamba la ukoo la kahawa na migomba, walimozikwa baba na babu. Sospeter akasema deni halijaisha, kibanja kitauzwa.

"Si mlimkata bima kila msimu?" shemeji akamuuliza. "Ulimwambia mwenyewe, hapa hapa, akifa bima inalipa."

"Karatasi iko wapi, mama?"

Shemeji akanitazama. Afadhali angenitukana.

Aliyenitukana ni shangazi Koku, tena kwa sauti ya chini, huku akimenya ndizi. "Umechoma kibanja cha watoto kwa kuogopa majirani. Sasa inuka umpeleke shemeji yako Bukoba. Na wakikuuliza Deo alikufa na nini, sema."

Tukaenda ofisi kubwa ya chama. Mama mhasibu akauliza, nami nikasema ukimwi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka jina hilo, na hakuna aliyesogeza kiti mbali nasi. Akatoa kabatini nakala ya bima ya Deo, akaisoma, akavua miwani.

"Marehemu aliajiriwa wapi?"

"Kwenye kibanja chake," shemeji akajibu.

"Basi bima hii haikumhusu tangu mwanzo. Ni ya wenye mshahara."

Kumbe Sospeter alijua. Kwa kila mkulima aliyemwandikia bima, yeye alipata fungu lake la pesa. Mimi nilikuwa nimeshashika kofia niondoke, lakini shemeji hakuinuka. "Kama haikumhusu, rudisheni mlichomkata."

Tulirudi pale mara nyingi, siku nyingine kwa miguu, hadi wakakubali. Walichorudisha kikamaliza deni lililobaki, na kibanja kikabaki chetu. Sospeter hajaomba radhi hadi leo. Mimi niliomba. Shemeji akaniambia, "Kakate ndizi, watoto hawajala." Nikajua amenisamehe.

Sasa mwanangu, nasikia huko Buhembe unataka kukopa pikipiki, na bima umeshawekewa ndani ya mkopo. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini hili nalijua. Kabla hujatia sahihi, muulize huyo karani: mtu wa kazi kama yako, bima hii inamlipa au haimlipi? Akuonyeshe palipoandikwa. Kama ulishakatwa na haikuhusu, rudi ukadai, hata ikiwa imepita miaka. Karatasi zitunze, na mkeo ajue zilipo. Ukiugua, sema unaugua nini, usituachie sisi kubahatisha.

Mungu akupe mwili wenye nguvu na maisha marefu. Na watoto wako wakue kwenye ardhi yao, wasiondolewe na mtu.